Ovaroli Msumarini

Wiki ile ya kwanza macho yako, Ithungu,
yalikuwa vifaranga vya siku moja:
yalidonoa mwanga, yakaudondosha.
Yalitua penye mstari wa nywele zangu
yakabaki hapo,
kana kwamba uso wangu wote uliishia kwenye paji.

Baba yako akasema, Huyu bado haoni.
Nikanyamaza.
Nilikuwa nimeiona shingo yako
ikimfuata kuku.

Masereka ni mtu wa kutengeneza vitu.
Alitoboa vizibo tisa vya soda kwa msumari wa moto,
akavitunga kwa uzi wa fundi viatu,
akavining'iniza juu ya kitanda.
Upepo unaoshuka na mto Nyamwamba
ukavizungusha, vikagongana, viking'aa.
Ulivitazama kama mtu anavyosoma tangazo la mwaka juzi.
Mara moja, basi.

Lakini mjusi!
Mjusi wa ukutani akisimama, nawe unasimama,
titi limo mdomoni, hunyonyi.
Akipiga hatua tatu pumzi yako inakatika.
Akiingia kwenye ufa
unautazama ufa
mpaka maziwa yanapoa kidevuni.

Mwezi wa tatu macho yaliacha kuruka, yakaanza kuteleza.
Mbuzi wa jirani alipita mlangoni, mzembe, anatafuna kamba yake mwenyewe,
ukambeba kwa macho kutoka sikio hadi mkia
bila kumwangusha njiani.
Mama mkwe akapiga makofi: tumepata mchungaji.
Mimi nilikuwa nakunja nepi. Sikusema kitu,
ila nepi ile ile niliikunja mara mbili.

Kule kliniki, muuguzi Biira
alipitisha kalamu nyekundu mbele ya pua yako.
Ukaifuata nusu ya safari,
kisha ukaiacha,
ukapanda kidole, kifundo, kiwiko, bega,
ukafika kwa mwenyewe.
"Huyu hataki kalamu," akacheka,
"anamtaka anayeisogeza."
Akaweka alama ya vema kwenye kadi
penye kisanduku kinachouliza habari za kalamu.

Sasa Alhamisi.

Baba yako anafanya zamu za usiku, wanatia lami barabara ya Kasese.
Ana ovaroli mbili za buluu
zenye vipande vya kung'aa mikononi, magotini, kifuani,
gari lisije likamkanyaga.
Moja ameivaa. Nyingine nimeifua, iko msumarini.
Saa tano umeme ukakatika Kilembe nzima.
Nilikuwa nimekupakata. Nikawasha tochi ya simu,
na ukuta ukawaka:
goti, goti, kiwiko, kifua,
upepo unavitikisa vyote, vinapanda, vinashuka.
Hata mimi moyo uliniruka.
Wewe ulitupa jicho moja
ukarudi kwenye kidole gumba chako.

Kisha mlango wazi, na kule njiani
vipande vile vile.
Uso haupo. Mikono haipo. Harufu ya lami haijafika.
Giza lilikuwa limemla Masereka mzima
likatema viungo tu,
vidoa kumi na kimoja vya mwanga vinavyokuja,
na kimoja kinachelewa kidogo, goti la kushoto,
lile lililogongwa na jiwe mwaka wa mafuriko.

Kidole kikatoka mdomoni.
Mgongo wako ukakakamaa kwenye mkono wangu,
miguu ikaanza kupiga blanketi.
Hukuhesabu kumi na kimoja.
Ulisema "aa", sauti ndogo, ya kwanza ya aina yake,
kama mtu aliyeitwa jina.

Simu ikazima, chaji imeisha.
Giza likafunga.
Nilikugusa shavu kwa kidole nijue umegeukia wapi:
ulikuwa bado unatazama nje,
mbele kidogo ya pale alipokuwa,
mahali ambapo hatua inayofuata ilitakiwa kukanyaga.

Changarawe ikalia hapo hapo.